Swali Kabla ya Chuo: Mwongozo wa Kuomba Uzamivu katika Tiba kwa Vitendo kutoka Shinyanga na Geita

Maombi mengi ya shahada ya uzamivu huanzia pasipofaa. Mtu hufungua orodha ya vyuo, huchagua jina analolifahamu, hujaza fomu, kisha siku za mwisho ndipo huanza kutafuta mada ya kuandika. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Unamhusu mtoa tiba kwa vitendo aliyeko Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro au Chato, pamoja na mwalimu wa taaluma hiyo anayeufahamu ukanda huu. Hoja yake ni moja: kwa mtu wa huku, kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika maombi ni swali la utafiti lililotoka wodini na machimboni. Aina ya shahada, chuo, msimamizi na ufadhili vichaguliwe kwa kulifuata swali hilo. Ukianza na chuo, utashindana na waombaji wa dunia nzima kwa alama za vyeti, na wengi wao wana alama nzuri kuliko zako. Ukianza na swali, unaingia na kitu ambacho wao hawana.

Kwa nini swali litangulie

Tiba kwa vitendo hushughulika na mambo ambayo mtu anahitaji kuyafanya ili siku yake iende: kuoga, kuvaa, kupika, kulima, kurudi kazini. Ukanda wa dhahabu una kazi ambazo vitabu vya taaluma havikuziwazia. Almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, inachimbwa tangu 1940. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu 2000 na Bulyanhulu 2001. Kando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na Nyangalata. Wako wanaoshuka maduarani kwa kamba, wanaopiga moko kwa nyundo, wanaolisha makarasha, na wanawake wanaoponda mawe kwa mkono. Kazi hizi huumiza uti wa mgongo, hukata vidole, hujaza mapafu vumbi la mawe na, kwa wanaochoma zebaki, huweza kuacha mikono ikitetemeka. Novemba 2015, wachimbaji watano waliopolewa wakiwa hai Nyangalata baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, watu 15 waliokolewa katika mgodi wa Nyarugusu. Uokoaji huandikwa magazetini, na habari huishia kwenye lango la hospitali. Namna mtu aliyeumia anavyorudi kwenye kazi, shamba na familia yake ni kazi ya mtoa tiba kwa vitendo, na humo ndimo tasnifu inaweza kuzaliwa.

Chukua mfano wa dodoso la DASH, linalotumika katika nchi nyingi kupima jinsi matatizo ya bega, mkono na kiganja yanavyomzuia mtu kufanya shughuli zake. Lina maswali 30. Limo linalouliza ugumu wa kubadilisha balbu iliyo juu, na limo linalouliza ugumu wa kubeba mfuko wa manunuzi au mkoba wa kazini. Swali la 18 linahusu burudani zinazotia kishindo mkononi, na mifano yake ni gofu, kupiga nyundo na tenisi. Sasa mpe dodoso hilo mama anayeponda mawe Nyarugusu. Nyundo inayomlisha itahesabiwa pamoja na gofu, na hakuna swali litakalomuuliza anaponda ndoo ngapi kabla mkono haujafa ganzi. Waliolitunga walikuwa na wagonjwa wao mbele yao, kwa hiyo hawana kosa. Lakini anayelitumia Geita bila kulirekebisha atapata alama zisizomweleza mgonjwa. Kutunga kipimo cha utendaji kwa Kiswahili na Kisukuma, kukijaribu kwa wachimbaji na kuthibitisha kwamba kinapima kinachodai kupima ni uzamivu kamili, na mwombaji wa Toronto hawezi kuliona pengo hilo kutoka alipo.

Pengo jingine liko kwenye sheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, humhudumia mfanyakazi mwenye mwajiri. Mchimbaji anayelipwa kwa mgao wa viroba vya mawe mara nyingi hana mkataba wala mwajiri anayemchangia. Akivunjika mguu, anayemsaidia kurudi kazini ni nani, kwa gharama ya nani, na anarudi kufanya nini? Anayeweza kuuliza hivyo kwa ushahidi ana andiko ambalo msimamizi makini atalisoma hadi mwisho.

> KISANDUKU 1: Je, swali lako limeiva?
> - Unaweza kulisema kwa sentensi moja, na mtu asiye wa afya akakuelewa.
> - Watu wanaohusika wapo, unawafikia, na idadi yao inatosha.
> - Linaweza kujibiwa ndani ya miaka mitatu hadi minne bila mashine ambazo hazipo kanda hii.
> - Jibu lake litabadilisha kitu: kipimo, huduma, mtaala au sera.
> - Umeshatafuta ukaona halijajibiwa tayari.

Shahada mbili zinazochanganywa

Kuna njia mbili zinazoitwa udaktari, na kuzichanganya kunaweza kukugharimu miaka. Ya kwanza ni udaktari wa taaluma, maarufu kwa kifupi cha OTD, ambao ni zao la mfumo wa Marekani. Una sura mbili. Ipo programu ya kuingilia taaluma, ya takriban miaka mitatu, kwa mwenye shahada ya kwanza ambaye bado si mtoa tiba. Ipo pia ya wale ambao tayari ni watoa tiba na wanataka kukuza ubingwa au uongozi. Njia ya pili ni uzamivu, yaani PhD, ambao kiini chake ni utafiti mpya na tasnifu. OTD hukuza utendaji. Uzamivu hukufanya mzalishaji wa maarifa na, katika vyuo vikuu vyetu, ndio unaomvusha mtu kutoka mhadhiri msaidizi kuwa mhadhiri.

Wapo wanaoharakisha kuomba OTD kwa kuamini kwamba hivi karibuni hakuna atakayeruhusiwa kuingia kwenye taaluma hii Marekani bila udaktari. Taarifa hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2017 ACOTE, chombo cha ithibati cha Marekani, kilitangaza sharti la namna hiyo lianze 2027. Baadaye utekelezaji ulisimamishwa, na 2019 uamuzi ukawa kwamba milango yote miwili, uzamili na udaktari, ibaki wazi. Kama lengo lako ni kuishi na kufanya kazi Marekani, OTD inaweza kukufaa. Maombi mengi ya programu za kuingilia hupitia mfumo mmoja uitwao OTCAS, na utatakiwa kuonyesha masomo ya awali kama anatomia, fiziolojia, saikolojia na takwimu. Lakini kama tayari una taaluma na lengo lako ni kujibu swali la hapa, programu ya kuingilia itakutoza ada ya miaka mitatu ili ufundishwe mengi unayoyafahamu, tena kwa mifano ya hospitali zisizofanana na yako.

Kwa anayeelekea uzamivu, uwanja wa karibu ni Afrika Kusini. Vyuo vikuu vya Cape Town, Stellenbosch, Western Cape, Witwatersrand, Pretoria na KwaZulu-Natal vyote hufundisha tiba kwa vitendo, na uzamivu wa huko kwa kawaida ni wa utafiti na tasnifu kuliko wa madarasa. Hilo lina maana kubwa kwako, kwa sababu data unaweza kuzikusanya Geita huku umesajiliwa Cape Town. Njia nyingine ni kujisajili nyumbani, katika MUHAS jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi au CUHAS-Bugando jijini Mwanza, chini ya afya ya jamii au eneo jingine la sayansi za afya, kisha kumpata msimamizi mwenza wa tiba kwa vitendo kutoka nje. Moshi ina faida ya pekee, kwani KCMC ndiko mizizi ya mafunzo ya taaluma hii nchini ilipo.

Pima ulipo kabla ya kuomba

Katika mfumo wa tuzo wa Tanzania, stashahada iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Mwenye stashahada asiombe uzamivu. Aombe shahada ya kwanza kwa sifa linganishi, na ahakikishe wastani wake wa stashahada unafika angalau 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa na programu husika. Mwenye shahada ya kwanza aombe uzamili wenye tasnifu, maana uzamili wa madarasa matupu humwacha mtu bila ushahidi kwamba anaweza kufanya utafiti. Mwenye uzamili ndiye msomaji wa hatua zinazofuata. Wengine nao wasome, kwa sababu swali linaweza kuanza kuiva tangu ngazi ya stashahada, na atakayelibeba miaka sita atafika mlangoni akiwa na takwimu za awali mkononi.

Hatua za kuomba

1. Kusanya ushahidi mdogo. Kwa kibali cha uongozi wa hospitali, pitia rejesta ya miezi sita hadi kumi na mbili: ni wangapi waliletwa na majeraha ya machimboni, sehemu gani ya mwili iliumia, wangapi walirudi kliniki mara ya pili. Usinakili majina. Jedwali dogo la aina hii hubeba andiko zima, kwa sababu linaonyesha kwamba tatizo lipo na kwamba unaweza kuzifikia data.

2. Soma kilichoandikwa. PubMed ni bure. Jarida la tiba kwa vitendo la Afrika Kusini linasomeka bila malipo. Uliza maktaba ya taasisi yako kama imejiunga na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida kwa nchi kama yetu. Andika kila makala kwa mistari mitatu: waliuliza nini, walipata nini, waliacha nini. Safu ya tatu ndiyo yenye faida kwako.

3. Andika andiko dhana la kurasa mbili au tatu. Liwe na tatizo, pengo, swali, mbinu, mahali, maadili na ratiba. Kila dai liwe na chanzo. Kama kuna mbinu ya takwimu usiyoimudu, sema utajifunzaje, maana msimamizi huona haraka aliyenakili majina ya mbinu.

4. Tafuta msimamizi kabla ya fomu. Katika uzamivu wa utafiti, maombi yasiyo na msimamizi aliyekubali mara nyingi hukwama hata kama vyeti ni vizuri. Wapate kupitia makala ulizosoma katika hatua ya pili. Waandikie wawili au watatu, kila mmoja barua yake.

5. Nyoosha karatasi. Utahitaji vyeti vyote, nakala rasmi za matokeo, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, usajili wa taaluma, wasifu na barua za wadhamini wawili au watatu. Angalia pia kama programu uliyosomea imo katika orodha ya Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo, WFOT, lililoanzishwa 1952. Viwango vyake vinataka mwanafunzi apitie mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,000, hivyo omba chuo chako barua inayotaja saa zako.

6. Shughulikia lugha. Vyuo vingi vya nje hudai IELTS au TOEFL. Vingine hukubali barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Uliza kwanza, kwa sababu mtihani ni ghali na matokeo yake kwa kawaida huisha muda baada ya miaka miwili.

7. Zungumza na mwajiri. Kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo si jambo la kumalizia. Muulize afisa utumishi kama jina lako limo katika mpango wa mafunzo, na kama shahada hiyo itatambuliwa katika muundo wa utumishi wa kada yako. Majibu yawe ya maandishi.

8. Omba ufadhili sambamba na chuo. Tarehe za ufadhili mara nyingi hutangulia za chuo kwa miezi kadhaa. Anayesubiri kupokelewa kwanza hujikuta na barua ya nafasi na hana ada.

9. Tuma, kisha jiandae kwa mahojiano. Utaulizwa kwa nini swali hili, kwa nini wewe, na utafanya nini washiriki wakikosekana. Jibu la swali la tatu ndilo huwatenganisha waombaji.

> KISANDUKU 2: Barua ya kwanza kwa msimamizi
> Iandikwe kwa lugha anayoitumia, isizidi nusu ukurasa. Maana yake iwe hivi:
>
> *“Profesa, mimi ni mtoa tiba kwa vitendo katika hospitali ya umma mkoani Geita, Tanzania. Nimesoma makala yako kuhusu kurudi kazini baada ya jeraha la mkono, na nimeona kwamba washiriki wote walikuwa na ajira rasmi. Wagonjwa wangu wengi ni wachimbaji wadogo wasio na mwajiri. Nataka kuchunguza wanarudije kazini na nini kinawazuia. Nimeambatanisha andiko dhana la kurasa mbili na wasifu wangu. Je, una nafasi ya kumsimamia mwanafunzi wa uzamivu mwaka ujao?”*
>
> Usimwombe fedha katika barua hii. Usiambatanishe vyeti kumi. Asipojibu baada ya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine.

Ufadhili

Panga vyanzo kwa kadiri vinavyolielekea swali lako. Jumuiya ya Madola hufadhili uzamivu Uingereza kwa waombaji wa nchi zinazoendelea. DAAD ya Ujerumani ina mpango wa kuwasomesha Waafrika ndani ya Afrika. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, huwajenga walimu na watafiti wa taasisi wanachama katika afya ya jamii, kwa hiyo angalia kwanza kama mwajiri wako ni mwanachama. Fulbright huwapeleka watu Marekani, ila haigharamii mafunzo ya kitabibu yanayohusisha kuwagusa wagonjwa, na hapo OTD yenye mafunzo ya wodini huingia katika matatizo ambayo uzamivu wa utafiti huyakwepa.

Migodi mikubwa nayo hutajwa kama chanzo, na si vibaya kuiomba. Lakini fedha ya mgodi katika utafiti wa majeraha ya wachimbaji ina masharti yake. Kabla ya kupokea, pata maandishi kwamba mfadhili hatachagua washiriki, hatahariri matokeo na hatazuia uchapishaji. Mfadhili asiyekubali hayo anataka ripoti yake mwenyewe, na ripoti hiyo haiwezi kuwa tasnifu yako.

Vibali: onyesha kwamba unaifahamu njia

Vibali vya utafiti huombwa baada ya kupokelewa, ila andiko linalovitaja kwa mpangilio humpa msimamizi imani. Huanza na kamati ya maadili ya chuo, kisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR. Ukiwa umesajiliwa chuo cha nje, iulize Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mapema kuhusu kibali chake. Ukiwa na hivyo, unakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Machimboni usimruke Afisa Madini Mkazi, mwenye leseni, wala msimamizi wa duara. Vyama vya wachimbaji, GEREMA kwa Geita na SHIREMA kwa Shinyanga, vinaweza kukufungulia mlango, na TAWOMA, chama cha wanawake wachimbaji, inawajua wanawake ambao orodha za wenye leseni haziwataji.

Tahadhari mbili. Kwanza, mgeni mwenye karatasi na kalamu machimboni hudhaniwa mkaguzi au mtu wa kodi. Eleza wewe ni nani, unauliza nini, na kwamba hutaahidi fidia usiyoweza kuileta. Ridhaa ielezwe kwa Kiswahili au Kisukuma, na mshiriki aambiwe kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa tiba. Mwenye duara asikuchagulie watu, maana aliyeletwa na bosi hana uhuru wa kukataa. Pili, taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kuzituma nje kwa barua pepe bila utaratibu kunaweza kukuharibia utafiti na jina.

> KISANDUKU 3: Makosa ya kawaida
> - Majina yasiyolingana. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA matatu, pasipoti ina herufi tofauti. Rekebisha kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina mapema, kabla ya kununua mtihani wa lugha.
> - Mada pana mno. “Afya ya wachimbaji Tanzania” haina mwanzo wala mwisho. “Kurudi kazini kwa wachimbaji wadogo waliokatwa vidole Geita” ina vyote viwili.
> - Barua moja kwa maprofesa ishirini. Hutambulika kwa mstari wa kwanza.
> - Kumwamini wakala anayeahidi nafasi. Nafasi ya uzamivu hutolewa na chuo na msimamizi.
> - Chuo kisichotambuliwa. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kabla ya kulipa, kwa kuwa ndiyo itakayoitathmini shahada yako ukirudi.
> - Mdhamini asiyekufahamu. Barua ya mkubwa inayosema “ni mchapakazi” haifikii barua ya aliyekusimamia inayosema ulifanya nini.

Pingamizi tatu na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni zito kuliko yote: ukanda huu unahitaji mikono ya kutibu, na kila anayekwenda kusoma miaka minne anaacha wagonjwa bila mtu. Ni kweli, watoa tiba kwa vitendo ni wachache, na kituo chenye mmoja kikimpoteza hubaki bila huduma. Lakini uchache huo wenyewe una chanzo. Nafasi za kada huombwa kwa ushahidi wa mahitaji, na ushahidi huo ukikosekana, majeraha ya machimboni hubaki stori za wodini. Vyuo navyo haviwezi kufungua programu za shahada bila walimu wenye sifa. Mtoa tiba mmoja huhudumia wagonjwa wa hospitali moja, ilhali mwalimu mmoja hutoa watoa tiba kwa miaka ishirini. Pingamizi hili linaamua namna ya kusoma: chagua uzamivu unaokuruhusu kukusanya data ukiwa hapa, na panga safari za chuoni ziwe fupi. Hii ni sababu nyingine ya kuiacha OTD ya kuingilia, ambayo humwondoa mtu kabisa.

La pili linasema shahada ya Marekani au Uingereza ina heshima kuliko ya Cape Town au Moshi. Heshima ya uzamivu hujengwa na tasnifu, machapisho na msimamizi. Idara yenye historia ya kushughulika na umaskini, ulemavu na ajira isiyo rasmi, kama zilivyo kadhaa za Afrika Kusini, inaweza kukusimamia vizuri kuliko idara maarufu isiyowahi kumwona mchimbaji mdogo. Kama mtaalamu wa swali lako yuko London, nenda London. Kigezo ni kilekile: umeongozwa na swali.

La tatu ni la mfukoni: uzamivu hauongezi mshahara hospitalini. Mara nyingi faida ya kifedha ya uzamivu iko chuoni na kwenye utafiti kuliko wodini, na asiyetaka kufundisha wala kutafiti ana haki ya kuamua kwamba uzamili unamtosha. Huo ni uamuzi mzuri. Uzamivu unaosomwa ili mtu aitwe daktari tu huchosha mwaka wa pili, pale data zinapogoma na hakuna anayepiga makofi.

Orodha ya kuhakiki kabla ya kubonyeza “tuma”

☐ Swali limeandikwa kwa sentensi moja, na wenzangu wawili wamelipinga nikalirekebisha.
☐ Nina jedwali la takwimu za awali lisilo na majina ya wagonjwa.
☐ Andiko dhana lina pengo, mbinu, maadili na ratiba.
☐ Msimamizi amekubali kwa maandishi.
☐ Majina yangu yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA, pasipoti na vyeti vya shule.
☐ TCU inakitambua chuo ninachokiomba.
☐ Wadhamini wamepewa andiko, wasifu na tarehe ya mwisho angalau wiki nne kabla.
☐ Mwajiri amejibu kuhusu ruhusa ya masomo.
☐ Maombi ya ufadhili yametumwa au yana tarehe katika kalenda yangu.
☐ Nakala za kila kitu zimehifadhiwa mahali pawili.

Ukiona sanduku moja liko tupu, usikate tamaa wala usitume kwa kubahatisha. Ahirisha mzunguko mmoja, jaza pengo, omba mwakani. Na kama leo huna kingine cha kuanzia, omba kibali cha kuifungua rejesta ya kliniki yako, uhesabu wachimbaji waliokuja mwaka uliopita na kuangalia ni wangapi walirudi kwa ziara ya pili. Ukishaipata namba hiyo, umeanza kuandika maombi yako.